Niliomba Chuo Nikiwa Kwenye Dozi

Kama umeanza vidonge wiki hii na tayari mtu ameshakwambia "pona kwanza", haya nimekuandikia wewe. Mimi niliambiwa maneno hayo mawili na watu wengi kuliko abiria wote wa barabara ya Morogoro siku ya mkesha wa Idi. Aliniambia bosi wangu, akaniambia mama, akaniambia baba mkubwa. Akaniambia na mwanamke mmoja tuliyekaa naye benchi la kliniki dakika tano tu, ambaye yeye mwenyewe alikuwa anakohoa kama pikipiki iliyogoma kuwaka. Wote walisema kwa upendo. Upendo huo naushukuru, lakini hasira niliyo nayo haijapungua hata kijiko.

Naitwa Hawa. Nina miaka thelathini na mmoja, nimepanga chumba Visiga, na kwa miaka sita nilikuwa mhudumu wa steshenari Kibaha mjini. Kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti nilifanya, ila kazi yangu kubwa ilikuwa kuwajazia watu maombi ya vyuo mtandaoni. Dirisha la maombi likifunguliwa, foleni ya wazazi na watoto wao inatoka dukani inamfikia muuza mahindi ng'ambo ya pili. Nusu ya wauguzi wa Mkoa wa Pwani wamepita mikononi mwangu kabla hawajashika sindano, na ile nusu nyingine walikosea njia tu. Nilijua kila chuo cha afya kinataka nini kuliko walinzi wa getini kwao.

Mwenyewe sikuwa na cha kujaza. Kidato cha nne nilitoka na sifuri safi isiyo na doa. Ndipo nikaanza masomo ya jioni, kwenye darasa la shule ya msingi, tumekalia madawati ya watoto magoti yamefika masikioni. Niliketi dawati moja na Nyamizi, mwanamke wa makamo anayeuza asali ya kwao Tabora. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani tangu enzi za mababu, na utani wetu hauna likizo. Siku ya kwanza alinitazama akasema, "Wamenikalisha na mla mihogo. Sasa kemia itaingia wapi kwenye kichwa kilichojaa wanga?" Nikamwambia ahamie mzingani kwa nyuki wake. Tukasoma hivyo miaka mitatu, tunatukanana na kuazimana kalamu.

Matokeo yakatoka. Baiolojia C, fizikia D, kemia D. Najua watu wanaicheka D. Ile D yangu ya kemia, kama ingekuwa na masikio ningeivisha hereni.

Kikohozi nacho kilikuwa kimeshafika, tena kabla ya matokeo. Duka la dawa likaniuzia dawa ya maji ya kijani. Isiposaidia wakaniuzia nyekundu. Nyekundu isiposaidia wakanirudisha kwenye kijani, nadhani walitegemea nimesahau ladha. Karibu miezi minne nilikunywa rangi, na hapana mtu pale kaunta aliyeniambia, "Dada, kikohozi kimezidi wiki mbili, nenda kapime." Hilo moja linanikera mpaka leo. Sketi ikaanza kunizunguka, asubuhi zipu iko nyuma, jioni iko mbele. Shuka nilikuwa nalikamua kwa jasho kama nguo iliyotoka kufuliwa.

Bosi naye akaanza.

"Hawa, hebu sogea mlangoni upate hewa."

"Pale mlangoni jua linawaka, bosi."

"Hewa na jua vinakwenda pamoja."

Wiki iliyofuata alifunika kibodi yangu kwa mfuko wa nailoni. Wiki ya tatu akaniambia niende nyumbani nikapone kwanza. Watoto wa watu niliowaingiza vyuoni, na mimi nimefunikiwa kibodi.

Kliniki ya kifua kikuu ipo nyuma kabisa ya kituo cha afya. Unapita mapokezi, maabara, meno, unapita akina mama na watoto wao, unafika kwenye banda la bati lenye benchi refu na upande mmoja wazi. Anayepita karibu anavuta kanga puani. Unapewa kikopo, unaambiwa urudi nacho kesho na makohozi ya asubuhi yaliyotoka ndani hasa. Na muuguzi mmoja kijana, Mungu amsamehe, akanitangazia mbele ya benchi zima: "Wa makohozi yule pale, mwembamba, mwiteni." Tulikuwa kumi na moja, wote wa makohozi na wote wembamba. Tukasimama wote.

Wa dirisha la dawa alikuwa mtu mwingine. Sista mtu mzima, miwani imefungwa uzi, kila mgonjwa kwake ni mwanangu. Aliponiambia kuwa ni kifua kikuu na dozi ni miezi sita, mimi swali nililokuwa nalo lilikuwa moja.

"Sista, chuo cha afya nitaruhusiwa kuomba?"

Alinitazama juu ya miwani. "Dirisha linafungwa lini?"

"Kipupwe, wakati wa baridi."

Akapitisha kidole kwenye kadi yangu mpya, kwenye vile vyumba vidogo vya kuwekea alama kila siku. "Dozi yako inaisha vuli ikianza. Vyuo vinafunguliwa lini?"

"Vuli hiyo hiyo."

"Ile fomu ya kupimwa afya inajazwa siku ya kuomba au siku ya kuripoti?"

"Ya kuripoti."

"Sasa mwanangu, unaniuliza nini? Meza dawa, omba chuo."

Nilitoka pale nimepona robo. Na kumbuka hayo maneno yake, maana kila kilichofuata ni watu kukataa kusikia hesabu ambayo kidole kimoja kilishaimaliza.

Masika ile niliihesabu kwa vidonge. Mama alihama Kisarawe akaja Visiga kunisimamia nimeze, kila asubuhi amesimama na kikombe cha maji kama askari wa zamu. Nikuonye mapema, mkojo utabadilika uwe rangi ya soda ya machungwa. Huenda sista alinieleza, lakini mimi akili ilikuwa kwenye fomu. Siku ya kwanza nilipiga yowe chooni mpaka mwenye nyumba akaja na fimbo akidhani ni nyoka. Kichefuchefu nacho kipo, magoti yanauma kama ya bibi wa miaka mia mbili. Halafu siku moja njaa inarudi. Yangu ilirudi Jumanne, saa nne asubuhi. Nikala ugali wa watu wanne na bado nikamtazama mama usoni kwa matumaini.

Ila ugali huo niliula kwenye sahani yangu. Nayo ni habari ya pekee. Wiki ya kwanza mama alichukua sahani ya bati, akachora alama ya rangi nyekundu ya kucha ukingoni ili isichanganyike na nyingine. Nilipomuuliza alikwepa macho. "Si mimi, mwanangu. Baba yako mkubwa ndiye kasema." Nikamwambia sista hakusema habari ya sahani, alisema nikikohoa nizibe mdomo na madirisha yawe wazi. Akanijibu sista hakai na sisi.

Miezi miwili ikatimia, makohozi yakapimwa upya, kadi ikaandikwa safi. Nilirudi nayo nyumbani nimeishika juu kama mtu aliyetoka kuhesabiwa kura. Nikamwonyesha mama, nikamwonyesha mwenye nyumba, nadhani na mbuzi wake nilimwonyesha. Jioni chakula kikaja. Kwenye sahani ya alama.

Basi nikaamua mengine yasubiri, fomu haisubiri. Namba ya mtihani naijua kwa kichwa. Cheti cha kuzaliwa hakikaririki, lazima kiwepo chenyewe upige picha ukipandishe kwenye mtandao. Na changu kilikuwa Kisarawe. Kwetu karatasi zote za ukoo, vyeti, hati za mashamba, kadi za kliniki za watu waliokwisha kuzeeka, anazitunza baba mkubwa kwenye sanduku la bati lenye kufuli. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu na hakuna aliyewahi kuhoji. Nikaenda na mama. Dirisha lilikuwa limebakiza wiki mbili.

Baba mkubwa alikuwa anamenya mihogo nyuma ya nyumba.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Kaa pale penye upepo."

Nikakaa penye upepo. Nikamweleza hesabu ya sista, masika, kipupwe, vuli, kidole kwa kidole. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Pona kwanza," akasema.

"Nitakuwa nimepona siku ya kuripoti. Sasa hivi ni kuomba tu."

"Chuo hakihami. Mwakani kipo."

"Mwakani nitakuwa na thelathini na mbili, na mtasema kingine."

Akaweka kisu chini. "Baba yako alikuwa anapakia mchanga kule Ruvu. Anakohoa, anapakia. Nikamwambia mdogo wangu, rudi nyumbani. Akasema atapona huku anafanya kazi. Nikamwacha, maana ni mtu mzima. Hawa, mimi ndiye niliyekwenda kumchukua."

"Baba hakumeza dawa, baba mkubwa. Mimi nameza."

"Na yeye alikuwa na jibu kila nilipomwambia neno."

Nilimwelewa. Ndiyo maana niliondoka na hasira kubwa zaidi, kwa sababu mtu mbaya unamkasirikia unamaliza, lakini mtu anayekulinda mpaka anakufungia utamkasirikia wapi? Mgonjwa hupangiwa kusubiri kana kwamba kusubiri nako ni kidonge. Mimi niliyekuwa naulizwa habari za vyuo na mkoa mzima, nilipokohoa tu nikawa sijui kitu.

Nikampigia Nyamizi nikamlilia kwenye simu. Aliniacha nilie, kisha akauliza, "Kwenu kuna shughuli yoyote karibuni?"

"Jumapili wananisomea dua nipone. Wanapika pilau."

"Haya," akasema, akakata.

Jumapili hiyo zilikuwa zimebaki siku tano. Baada ya adhuhuri watu wakasoma dua, nzuri sana, hata mimi niliitikia amina kwa moyo wote. Kisha masinia yakatoka. Wanaume wakazunguka yao kwenye mkeka, wanawake yao. Mimi nikaletewa kigoda pembeni ya ukuta wa jiko, na pilau langu kwenye sahani ile, imesafiri kutoka Visiga ndani ya kapu la mama. Dua ni yangu, na mimi ndiye pekee nisiyekaa na watu.

Ndipo tukasikia kilio kutoka njiani.

"Jamani Hawa. Hawa wa watu. Kaondoka hata kwaheri hakuaga."

Watu wakasimama na matonge mikononi. Mtu anakuja kati ya minazi, kanga kiunoni, nyingine kichwani, na mwilini kavaa koti langu la bluu la steshenari. Alikwenda kulichukua kwa mwenye nyumba wangu. Nyamizi alifika katikati ya uwanja, akajitupa kwenye mkeka baina ya masinia mawili, akakohoa kikohozi changu hasa, kile cha mwezi wa tatu, chenye mluzi mwishoni.

"Kafa lini?" akauliza akiwa amelala.

"Hajafa," mama akasema. "Yule pale anakula."

"Yule?" Akajiinua kwa kiwiko, akanitazama. "Yule si Hawa. Hawa ninayemjua mimi alikuwa na cheti cha kuzaliwa. Huyu nasikia hana. Sasa asiye na cheti hajazaliwa, na asiyezaliwa haugui. Dua mmemsomea nani?"

Kicheko kikaanzia kwa wanawake. Sheikh akainama akawa anatafuta kitu kwenye pilau. Kila mtu alikuwa ameshajua ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Akija msibani atamwigiza marehemu, atachukua kuku, atamkalia mwenye nyumba kwenye kiti chake, na haondoki mpaka apewe anachotaka.

"Nizikeni," Nyamizi akaendelea. "Ila mnizike na bahasha yangu. Huko niendako wameniambia dirisha linafungwa Ijumaa."

Baba mkubwa alikuwa anacheka kwa mabega, hataki kuonekana. "Mtani, amka. Sema unataka nini uondoke. Nikupe kuku?"

"Kuku wa Wazaramo? Wamekonda kuliko huyu mgonjwa wenu."

"Mihogo basi."

"Mihogo mmeila mpaka imewapanda kichwani. Nataka bahasha iliyo kwenye sanduku."

Kicheko kikakatika. Baba mkubwa aliacha kutabasamu. Kuku ni kuku, lakini lile sanduku lina kibali cha mazishi cha mdogo wake.

Nyamizi akaamka. Akajikung'uta, akaja mpaka ukutani nilipo, akaketi chini, akatia mkono kwenye sahani yangu ya alama nyekundu. Akafinyanga tonge, akala. Akafinyanga la pili. Uwanja mzima unamtazama anavyotafuna.

"Pilau limezidi chumvi," akasema. Kisha sauti ikabadilika, utani ukakaa pembeni. "Mzee wangu, mimi nimekaa naye dawati moja miaka mitatu. Nimekwenda kupimwa, sina kitu. Kadi yake inasema safi. Nyie mnakiona kitu gani ambacho mimi sikioni?"

Baba mkubwa alimtazama, akaitazama sahani, muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko dozi. Akaingia ndani. Tukasikia kufuli. Akatoka na bahasha ya kaki, akanipita mimi, akampa Nyamizi.

"Chukua wewe, mtani," akasema. "Mimi sijamruhusu mtu. Nimetoa cha utani."

Nyamizi akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akanitupia mapajani kama mtu anayemtupia kuku mahindi.

Ijumaa nilikuwa benchi la kliniki, siku ya kuchukua vidonge. Maombi niliyajaza hapo hapo, kwa simu ya Nyamizi yenye kioo kilichopasuka mara tisini, cheti nimekilaza juu ya kadi ya dozi nikakipiga picha. Mtandao ukakwama mara tatu. Wenzangu wa banda la bati, wa kukohoa na wa kumalizia dozi, wote shingo ndefu. Ilipoandika kwamba maombi yamepokelewa, nikapigiwa makofi na watu ambao mapafu yao yaliwakataza kuimba. Sista akachungulia dirishani. "Umeshaomba?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Haya njoo umeze."

Sitakudanganya kwamba kuanzia hapo kila kitu kilikuwa asali. Miezi iliyobaki ilinichosha, kuna siku nilikificha kidonge mkononi, na mama akakifumbua kiganja changu kama cha mtoto mchanga. Bosi hakunirudisha kazini. Lakini kila asubuhi nilipomeza nilikuwa nameza kuelekea mahali, na mahali penyewe pana tarehe. Ndiyo maana nakwambia, kama dirisha lako limefunguka na wewe uko kwenye dozi, muulize sista wako kuhusu tarehe, usimuulize jirani. Wanaokuambia pona kwanza hawatakurudishia mwaka huo.

Jina langu lilitoka kwenye orodha ya chuo cha uuguzi. Dozi ilikwisha mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zinapima udongo. Siku ya kujaziwa fomu ya afya hapo Kibaha, baba mkubwa alikuja kutoka Kisarawe na kanzu iliyonyooshwa, akakaa benchi la nje, akaningoja. Nilikuwa na begi langu lote, maana kesho yake nilikuwa naripoti.

Nilipotoka akauliza, "Wamekuuliza nini?"

"Kama nimewahi kuugua kifua."

"Ukasemaje?"

"Ndiyo. Nimeugua, nimemaliza dozi."

"Na siku uliyoomba, wameiona?"

"Imeandikwa pale."

"Siku ile ulikuwa mgonjwa."

"Nilikuwa mgonjwa, baba mkubwa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ile bahasha ya kaki, kwa mazoea tu, aende akaifungie. Nikaitia kwenye mkoba wangu. Nikafungua begi, nikatoa sahani ya bati, nikampa hiyo.

Aliigeuzageuza. Akaipata alama, akaanza kuikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Ile rangi haitoki kirahisi. Nilikaa kando yake, nikamwacha akwaruze.